Kuwahesabia Kindi Mashimo Yao

Nilishuka tambarare kwa sababu mke wa mwanangu alikuwa amejifungua, na mashimo ya kindi hayangojei mzazi atoke ndani. Ninyi wa hapa Kilema kila tukikutana mfongoni kuchota maji mnaniuliza, "Mama Fidelis, huko chini ulikwenda kufanya nini hata ukarudi umekauka kama mwiko?" Haya, kaeni. Nasema mara moja, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele huko kicheko kitawaishia.

Nina wana watatu wa kiume. Desturi yetu mnaijua. Fidelis, wa kwanza, alikatiwa kihamba, shamba lake la migomba, alipooa. Deo, wa mwisho, alibaki na nyumba ya baba yake na kaburi la baba yake. Wa katikati anabaki na jina. Huyo ndiye Anselmi wangu. Vijiji vya ujamaa vilipokuja, watu walilia kama wanapelekwa kuzikwa, yeye akaja anaruka: "Mama, huko wanagawa ardhi! Ardhi, Mama!" Anaitaja ardhi kama kijana anayetaja jina la mchumba. Ndugu zake wakachinja mbuzi, wakamchimbia machipukizi ya migomba, naye akasimama mbele ya wazee wa ukoo akasema kuanzia leo hadai tena hata kiganja cha udongo Kilema. Tukainywea mbege. Neno likishanywewa mbege, mwajua, limepita.

Miezi michache baadaye akarudi na macho mekundu. "Mama, maji hayafiki."

"Mfongo si mlichimba?"

"Tulichimba. Maji yanatoka mtoni vizuri, yanaingia kwenye majani, halafu yanapotea."

"Yanapotea yanakwenda wapi, yana miguu?"

"Yanaingia kwenye mashimo ya kindi. Uwanda wote ule umetobolewa chini. Tunayafungulia maji asubuhi, jioni shamba kavu, na kindi mmoja amekaa juu ya kichuguu anajikausha manyoya."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia mkubwa wa wilaya ametoa neno: kijiji kisichokuwa na maji kabla ya mvua za masika kinavunjwa, watu wanapakiwa, wanapelekwa mbali huko nyikani. Kwa hiyo Bwana Shamba ameagiza mashimo yote yatembelewe na kuwekwa alama, ijulikane mfongo mpya upite wapi. Kila nyumba itoe mikono ya watu wawili. Na Paulina, mke wake, ndio kwanza amezaa. Mzazi wa Kichagga hatoki nje, analishwa mtori na mafuta mpaka miezi yake iishe. "Basi mikono ya pili ni hii," nikamwambia, nikamwonyesha. Akaitazama kama anayetazama jembe la kuazima.

Tulitoka Kilema alfajiri, nimejitwika ndizi za mtori na kibuyu cha samli, Anselmi amebeba mafurushi ya miche mipya. Mpaka barabara kuu ni kuteremka tu, na magoti yangu yalikuwa yanasema rozari.

Kiboriloni tulifika soko limechangamka. Niliingia duka la Mhindi mmoja mzee ninayemfahamu tangu ujana wangu.

"Shikamoo Mama. Hapana sukari. Hapana sabuni. Hapana kiberiti."

"Sasa kuna nini humu dukani?"

"Kuna mimi, Mama. Na mimi hapana uzwa."

Tukacheka wote wawili, tena kwa uchungu, maana rafu zilikuwa tupu mpaka unaona ukuta. Nje nilinunua magadi kidogo ya kupikia maharage. Yule mama muuzaji akanipimia kwa kikopo, akaongeza kidole kimoja, "Hii ya bibi." Anselmi akanisogeza, lori la kijiji linaondoka.

Lori liliacha lami, likashuka kusini. Ninyi mliozaliwa chini ya migomba hamjui jua. Huku juu jua linakuja limekwisha pepetwa na majani. Kule linakumwagikia lote. Nilitazama nyuma nikaona mlima wetu umekaa peke yake, mweupe kichwani, nikasema, ee, kumbe ukiwa juu yake huuoni. Miti ikapungua, ikabaki michongoma, kisha hata hiyo ikaisha, ikawa majani tu, ya manjano, mpaka macho yakachoka.

Azimio ndipo tuliposhukia. Kijiji kiliitwa hivyo. Nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wanaongoja viboko, na katika kila uwanja kuna migomba midogo imesimama kwenye vumbi, imejikunja. Kwa Anselmi yalikuwa yale machipukizi aliyochimbiwa na ndugu zake. Nilijifanya sikuyaona.

Paulina alikuwa ndani, gizani, na mtoto kifuani. "Mama, umekuja," akasema, akaanza kulia.

"Nimekuja kula nawe mtori. Kulia utalia ukishiba."

Jioni ile walikuja kunisalimia wenye kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mzee Elieneza, wa Old Moshi, ukoo wa wachimba mifongo tangu enzi za babu zao. Anaongea polepole kama anamimina maji asimwage: "Maaama Fidelis... karibu. Maji... ni kama binti. Ukimwonyesha njia mbaya... haruuudi." Huyo alikuwa Mlutheri mwenye kuimba. Na Bwana Shamba, kijana wa kutoka bara, shati lake limeisha kwenye kola, anaongea haraka: "Shikamoo Bibi! Ndugu wananchi, kwanza tutambue, pili tuweke alama, tatu ndipo tuchimbe!" Tulikuwa watu wachache mle ndani na mbuzi, lakini kwake tulikuwa ndugu wananchi. Hakuwa mbaya. Alikuwa analala pale pale kijijini, anakula alichokula mwenye nyumba.

Asubuhi tulipangwa mstari mrefu ukingoni mwa majani, mtu na mtu urefu wa mikono miwili, wanaume, wanawake, kila mmoja na mzigo wa vijiti. Shimo lenye udongo mpya mlangoni, lisilo na utando wa buibui, hilo lina mwenyewe: unachomeka kijiti chenye kitambaa cha gome la mgomba. Shimo la zamani, kijiti kitupu. Mkifika ng'ambo mnageuka, mnarudi sehemu nyingine. Ndivyo tulivyofanya siku nyingi, tumeinama kama watu waliopoteza sindano.

Sasa niwaambie huyu kindi. Si yule wetu wa kwenye miti, mwenye mkia wa kujivunia. Huyu ana rangi ya vumbi, wala hana habari na mti. Anaishi chini pamoja na ukoo wake mzima. Anatoka asubuhi jua likishapasha, anasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, anakutazama kama mzee wa kanisa anayengojea sadaka. Ukisogea anapiga kelele, "Tsk! tsk! tsk!" na wote puu, wameingia. Halafu unamwona ametokea nyuma yako.

Nilipiga magoti kwenye shimo moja nichungulie. Mzee Elieneza akapita. "Ninyi Wakatoliki... mnapiga magoti hata kwa kindi?"

"Nimepiga magoti nione shimo, Mzee. Ninyi mnaona kwa kuimba?"

Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Siku zile bado tulikuwa tunacheka.

Siku ya moshi ndiyo iliyotuogopesha. Bwana Shamba alitaka kujua shimo lipi limeungana na lipi. Tukajaza mavi makavu ya ng'ombe kwenye shimo moja, tukawasha, tukapepea kwa ungo. Kwanza kimya. Halafu moshi ukatoka pale, na pale, na kule mbali kabisa, na nyuma ya nyumba ya Anselmi. Uwanda mzima ukafuka kama kijiji kinachopika, kijiji kikubwa kuliko chetu. Anselmi alisimama na ungo mkononi. "Mama," akasema taratibu, "hawa walishapewa ardhi kabla yetu."

Nikamwambia, "Nyamaza, pepea."

Watu walisema tuwaue. Walikuwa wameshajaribu kuwazamisha, kuwafukizia, kuwaziba kwa mawe. Kindi anahama hatua chache, anachimba upya, na sasa una shimo lake la zamani na jipya. Wengine waliwala. Nyama yenyewe ngumu kama mkanda.

Alama zilipokwisha, Bwana Shamba alitupandisha juu ya kichuguu kikubwa tutazame. Vijiti vilijaa kama mvi. Lakini katikati, kutoka upande wa mto mpaka karibu na mashamba yetu, palikuwa na ukanda usio na kijiti hata kimoja. Umenyooka, majani yake mafupi, kama barabara tuliyotengenezewa.

"Ndugu wananchi!" Bwana Shamba akaunyooshea kidole ule ukanda.

Mzee Elieneza alichukua jembe. Alishuka, akaenda katikati ya ukanda, akapiga jembe. Likalia ngwe! likaruka. Akapiga tena. Akainama, akaupapasa udongo, akageuka na uso wa mtu aliyezaliwa leo. "Sakafu," akasema. "Ni sakafu, jamani. Maji hayavuji hapa!"

Ninyi ni watu wa mifongo, mnaelewa. Huku mlimani mtu akichimba mfongo, hofu yake ni kuvuja tu. Tunatafuta udongo wa kukaza, tunaupondaponda kwa miguu, tunauombea. Na hapa Mungu ametupondea mwenyewe! Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kindi, pamoja na wingi wao ule, walikosa nini pale.

Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ulianza kesho yake. Kuchimba ule ukanda kulikuwa mateso. Majembe yalivunjika mipini, viganja vikatoa damu, na hakuna aliyenung'unika, maana kila jembe likigonga mtu anasema, "Sakafu!" na mwenzake anajibu, "Haivuji!" Asubuhi nilimlisha Paulina, mchana nikabeba udongo kwa karai. Anselmi alikuwa anachimba kama anayechimba mtu aliyefukiwa hai. Usiku alilala amekaa.

Siku ya kufungulia maji, Mzee Elieneza alimwaga mbege mdomoni mwa mfongo kama babu zake walivyofanya, halafu akaomba sala ya Kilutheri, halafu mimi nikafanya ishara ya msalaba isije ikawa tumemwacha mtu. Maji yakaingia. Tulitembea nayo. Yalikuwa yanakwenda mwendo wa mtoto anayejifunza, yanasita, yanasogea, yamebeba majani na vumbi mbele yake. Kindi walisimama pande zote mbili wakitutazama, na hatukuwajali tena. Yalipofika kwenye kona ya shamba la Anselmi, alilala chini kifudifudi akayaweka usoni.

Paulina alitoka mlangoni, kabla ya miezi yake. Nilimkemea, "Rudi ndani, mzazi wewe!" lakini nilikuwa namkemea na machozi yananitoka. Akasema, "Mama, acha nione mara moja." Akaona.

Miche mipya tukaipanda siku ile ile. Migomba ile ya zamani iliyojikunja nayo ikanyweshwa, ikafungua jani moja moja, kijani kabisa, mpaka watu wa nyumba nyingine wakaja kutazama. Mkubwa wa wilaya alikuja na gari, akaona maji, akapeana mikono na watu, akasema kwa ile sauti ya watu wa magari, "Mmeonyesha mfano! Mmeonyesha mfano!" Akaenda zake. Kijiji kimepona. Usiku ule Anselmi alinipimia kwa hatua uwanja wake wote, hapa nyumba, hapa ng'ombe, hapa mimi nitazikwa. "Mama, hata wewe ukitaka."

Nikamwambia, "Mimi uniache kwa baba yako, huku nitaungua mara mbili."

Jambo la kwanza lilikuwa mbuzi. Wakaanza kukaa kwenye kingo za mfongo wanalamba. Tukacheka, eti mbuzi nao wamependa sakafu. Halafu jua lilipokausha kingo, zikawa nyeupe, kama mtu amepepeta unga pale. Halafu shamba nalo, katikati ya mstari na mstari, ukungu mweupe. Halafu asubuhi moja Anselmi akaniita. Jani la mgomba lilikuwa limeungua pembeni, mstari mwembamba wa kahawia, kama nguo iliyopita karibu na moto.

"Ni jua," nikamwambia.

"Ni jua," akakubali.

Akaongeza maji. Kadiri alivyoongeza, ndivyo lile kahawia lilivyokwenda ndani.

Bwana Shamba alikuja, akachuchumaa. Alichukua ule weupe kwa kidole, akaweka ulimini. Akakaa vile vile, kidole mdomoni. Mzee Elieneza naye akaonja. Na mimi nikaonja. Jamani. Nilikuwa naijua ladha ile tangu utoto. Ilikuwa jikoni kwangu, kwenye kikopo.

"Magadi," nikasema.

Magadi sisi tunanunua Kiboriloni! Yanakuja kwenye gunia, yanapimwa, yanalainisha maharage. Nani huku mlimani aliwahi kufikiri kwamba magadi ni mahali? Kwamba unaweza kuyapiga jembe, ukayafurahia, ukayachimbia mfongo, ukayaosha kwa maji ya mto na kuyaleta mwenyewe mpaka kwenye shina la mgomba wako? Ukanda ule haukuwa na majani marefu wala mizizi wala kindi, kwa sababu hauna kitu cha kumpa mtu.

Bwana Shamba aliongea taratibu siku ile, hakusema ndugu wananchi. "Mzee, mimi nilitazama mashimo. Nilitazama mashimo tu."

Mzee Elieneza akajibu, "Hata mimi... mwanangu. Hata mimi." Akaenda kukaa kwenye mdomo wa mfongo, na watu wakamwacha.

Palikuwa na njia mbili tu za maji, ya mashimo na ya magadi. Hakukuwa na ya tatu. Masika yalichelewa, yakaja kidogo, yakatuonyesha matone yakapita. Mkubwa akarudi na gari lake, hakupeana mikono. Siku moja malori yakajipanga mstari penye zile nyumba za mstari. Watu walipakia milango. Mtu anaacha kila kitu lakini mlango anaung'oa.

Anselmi hakupanda. Alikuwa anang'oa migomba iliyokufa, mmoja mmoja, anailaza chini kwa utaratibu.

"Turudi nyumbani," nikamwambia. "Nitaongea na Deo."

"Nilisema mbele ya ukoo, Mama."

"Ulisema ukiwa na tumaini."

"Mbege haiulizi ulikuwa na nini." Akapangusa mikono. "Nimesikia kwenye mashamba ya miwa wanachukua vibarua. Wanatoa na chumba."

Paulina alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Aliniangalia mimi, sio mumewe, kama mtu anayengoja mkubwa aseme hapana. Sikuwa na hapana yenye mahali pa kukaa. Nikamfunga kanga vizuri, nikasema, "Mtoto asipigwe na jua kichwani."

Nilirudi peke yangu kwa lori la mwisho mpaka Kiboriloni, na kutoka pale mpaka huku. Kupanda mlima ni kazi, lakini siku ile sikuhisi magoti. Kila kihamba nilichopita kilikuwa kijani, maji yanapita kwenye mfongo yanaongea, na kila penye kijani palikuwa na masale ya mpaka wa mtu, na ng'ambo ya masale ni ya mtu mwingine.

Deo nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, maana si mtoto mbaya, ninyi mnamjua.

"Mama, nina wavulana wanne. Nikimkatia kaka, hawa niwapeleke wapi? Niwapeleke kule kwenye mashimo?"

Nikatazama kihamba. Nilitoka mlangoni nikafika kwenye masale ya jirani kabla sijamaliza kumeza mate. Fidelis sikumwuliza hata kidogo.

Mnaniuliza nilijifunza nini. Nimejifunza kwamba sisi tuliogopa mahali penye mashimo, na palipokuwa salama hatukupaogopa. Nimejifunza mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa, kuinama, kuchimba, kusali kwa dini zote mbili, na ardhi ikasema hapana. Kama kuna somo lingine zuri zaidi, mwenye kulijua aniletee, nitampikia.

Krismasi hii Anselmi alikuja kutoka kule kwenye miwa kunisalimu na yule mtoto, sasa anatembea na kuongea, mkubwa, ana mdomo kama wa bibi yake. Jirani zangu akina Mama Herman walikuwapo wakamtania, kama tunavyotania watoto wote wanaokuja Krismasi: "Wewe mzee, kwenu wapi?"

"Kambini," akasema.

"Kambini wapi?"

"Nyumba ya mwisho karibu na bomba. Lakini tutahama, wanatupa nyingine."

Alisema vizuri, bila huzuni yoyote, anatazama ndizi mezani. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, kama mgeni. Nikamenya ndizi nikampa mtoto, akala, akanishukuru, "Aika, bibi," kwa Kichagga alichofundishwa njiani.